"Umeokoka?": Swali Lililotikisa Kanisa

Ukiulizwa "Umeokoka?", tambua kwamba swali hilo lina historia. Katika miaka ya 1930, uamsho wa Gahini, Rwanda, ulienea hadi Uganda, ambako wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Kwao, kuzaliwa mara ya pili kulimaanisha kutubu dhambi hadharani na kurudisha vilivyoibwa. Kwa Wakatoliki na Waanglikana wengi, mtu huzaliwa upya kwa maji ya ubatizo, hata akiwa mtoto mchanga. Mvutano huo ulikuwa na gharama: mwaka 1941, wanafunzi wa uamsho, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa chuoni Mukono. Hata hivyo, Balokole wengi hawakulihama kanisa lao. Je, wewe ungeketi meza moja na anayeutilia shaka wokovu wako?