Namba changamano
Namba changamano huandikwa a + bi, ambapo a na b ni namba halisi na i² = −1. Rafael Bombelli wa Italia alichapisha kanuni za namba hizi mwaka 1572. Nchini Tanzania hufundishwa kidato cha tano na sita. Kujumlisha ni rahisi: sehemu halisi (a) kwa halisi, sehemu dhahania (b) kwa dhahania. Utamu uko kwenye kuzidisha: (3 + 2i)(1 − i) = 3 − 3i + 2i − 2i² = 5 − i, kwa kuwa −2i² ni +2.

Hesabu hii ina kazi migodini Geita na Bulyanhulu, kwenye umeme wa Hz 50. Tuseme mota ya pampu ina kizuizi cha omu 4 + 3i: 4 hupokea nguvu, 3 hutokana na usumaku wa koili. Ukubwa wake ni √(16 + 9), yaani omu 5. Wahandisi wa umeme huandika j, kwani i kwao ni mkondo.