Waifai ikikatika, anza na waya
Kijana wetu wa Pwani anayesoma Embu, au Nchiru kule Meru, waifai ikimkatikia usiku wa mwisho wa kutuma kazi ya chuo, alama zimekwenda. Kabla ya kugombana na kampuni, unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Ikikatika vilevile, pigia kampuni. Ikitulia, shida iko hewani. Kuta za mawe hunyonya mawimbi, ya GHz 5 zaidi kuliko ya GHz 2.4 (wakaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, wanalijua hilo). Toa ruta nyuma ya kabati, iweke juu, tumia 2.4. Ploti ikiwa na ruta nyingi, ingia kwenye mipangilio ujaribu chaneli 1, 6 au 11, ile isiyosongamana.