Mwindo na baba yake: simulizi ya jirani zetu Wanyanga

Katika ekyaghanda, yaani nyumba ya wanaume yenye moto katikati, kijana wa Kinande alikuwa anafundishwa mambo mengi bila mtu kumwambia kwamba yuko shuleni. Mzee anatoa hadithi, wengine wanaitikia, na mwisho wake kila mtu anajua ni nani ameaibika. Siku hizi moto ule umepungua. Tangu Oktoba 2014, wakati wimbi la mauaji lilipoanza katika wilaya ya Beni, watu wengi wa vijiji vyetu wamekimbilia Oicha na kulala kwa ndugu na marafiki, na jioni kila mtu anawahi kufunga mlango. Hadithi haisimuliwi vizuri na mtu anayesikiliza risasi. Ndiyo maana tumechagua kuandika moja hapa, nayo si yetu sisi Wanande. Ni ya jirani zetu Wanyanga wa Walikale, katika jimbo letu hili hili.

Mwaka 1956, msimulizi mmoja aitwaye Rureke aliitoa mbele ya Daniel Biebuyck, mtaalamu kutoka Ubelgiji. Kazi hiyo ilichukua siku 12, mzee akiimba, akicheza na kuigiza, wengine wakiandika. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na mtaalamu wa lugha, wakaichapisha huko Marekani kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Wanyanga wanaita simulizi ya aina hii karisi. Tukiri tu: wengi kati yetu tulijua majina ya miungu ya Wagiriki, tuliyofundishwa shuleni, mbele ya kusikia jina la Mwindo.

Shemwindo alikuwa mwami wa Tubondo, mwenye wake saba. Akatoa amri kwamba wote wazae wasichana tu. Mtoto wa kiume atauawa. Wengi wanaona hapo tamaa ya mahari, wengine woga wa mrithi. Basi mke wake mpendwa akamzaa Mwindo, aliyetoka akiwa tayari anatembea na kusema, na usinga wa mkia wa nyati mkononi. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akaamuru azikwe muzima, mtoto akatoka kaburini. Mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma haikuzama. Ikaelea, mtoto akiimba ndani yake, mpaka kwa shangazi yake Iyangura, dada wa Shemwindo, ambaye alipasua ngoma akamtoa.

Tulipoisoma sehemu hii kwa vijana, mmoja aliruka: «Sasa baba gani anazika mutoto wake muzima?» Kijana huyo alikuwa na haki ya kukasirika, na Mwindo pia alikasirika. Alikwenda kwa wajomba zake wahunzi, wakamvika chuma, kisha akashuka Tubondo. Radi ya Nkuba, bwana wa umeme, ikateketeza mji na watu wake. Shemwindo peke yake akaponyoka, akaingia chini ya ardhi.

Hapa ndipo simulizi inapotushangaza. Mwindo anamfuata baba yake kuzimu. Njiani anakutana na Kahindo (jina hilo wasichana wetu wanalo mpaka leo), binti wa Muisa, ambaye mwili wake umeharibiwa na buba. Mtu mwenye haraka ya kisasi angempita. Mwindo anasimama, anamwosha vidonda. Kisha anapambana na wakubwa wa kuzimu mmoja baada ya mwingine, hata anacheza mchezo wa kamari na mungu Sheburungu, mpaka anampata baba. Na akimpata, hamuui! Anamrudisha Tubondo. Kwa ombi la shangazi, anawafufua watu aliowaua yeye mwenyewe, na jambo hili la mwisho tunaliona kubwa kuliko vita vyote.

Halafu kunaitishwa mkutano. Shangazi Iyangura anakaa katikati, kaka upande huu, mtoto upande ule. Shemwindo anasimama mbele ya watu wote na kusema aliyoyafanya, tangu ile amri yake ya kwanza. Shangazi anamkemea waziwazi. Mwindo anasamehe, na utawala unagawanywa mlima kwa mlima, baba na mtoto kila mmoja na wake. Hakuna aliyeambiwa «tusahau, yamepita». Yalisemwa kwanza, mchana, mbele ya walioteketezwa.

Wengine wangefunga kitabu hapo. Lakini Mwindo, aliyeonewa tangu kuzaliwa, amekuwa mtu wa kujisifu. Anamuua joka Kirimu aliyewameza wawindaji wake Batwa. Wanatoka tumboni wazima, vizuri sana. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba. Yule yule aliyemsaidia Tubondo anamchukua na kumpandisha juu, na huko Mwindo anakaa mwaka mzima akipigwa na mvua, jua na baridi, bila usinga wa kumwokoa, akiambiwa kwamba kiburi chake kimepita kiasi. Kwa maoni yetu Wanyanga walifanya kazi ngumu hapo: kumpenda mtu aliyedhulumiwa na bado kukataa kwamba dhuluma aliyopata inampa ruhusa ya kila kitu.

Anarudi duniani na makatazo: asiue tena mnyama, hata mdudu mdogo. Naye anawapa watu wake sheria: walime vyakula vya kila namna, wajenge nyumba nzuri, wasigombane, wasimfuate mke wa mtu, wasimcheke mgonjwa anayepita njiani. Wamuogope mwami, na mwami naye awaogope watu wake.

Yule kijana wa kwanza aliuliza tena, mwishoni: «Na kama baba angekataa kusema mbele ya watu?» Wengine walisema Mwindo angemuua. Wengine walisema shangazi asingekubali. Tulibishana mpaka saa ya kufunga milango.