Kutoka Tanga Hadi Nairobi: Safari ya Simba Wanyika

Tanga ina sifa mbili mbele ya wapenzi wa lugha. Ya kwanza ni ya Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, na hiyo husemwa kila baraza linapokaa. Ya pili hutajwa kwa nadra, nayo ni sifa ya magitaa. Katika miaka ya 1960 mji huo mmoja ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz upande wa dansi, ilhali upande wa taarabu ulijulikana kwa Black Star na Lucky Star. Neno "jazz" halikuwafunga wapigaji hao na muziki wa Marekani. Lilikuwa jina la fahari tu kwa bendi ya dansi.

Neema hiyo ilikuwa na chanzo chake. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka huohuo miche ya mkonge ikaletwa nchini. Mashamba yakavuta vibarua kutoka pande nyingi za bara. Mtu aliyekuwa mbali na ngoma za kwao alihitaji ngoma isiyouliza kabila, akaipata katika dansi. Lugha ya nyimbo ikawa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo pekee iliyoeleweka na ukumbi mzima.

Katika mji huo ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz mwaka 1966. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaungana na ndugu yao William na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka hadi Mombasa, na huko bendi ikaitwa Simba Wanyika. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa Nairobi.

Kwa nini waliondoka? Tanzania ya siku zile ilikuwa na wapigaji hodari, na redio ya taifa iliwarekodi, lakini santuri zilichapwa Kenya. Aliyetaka wimbo wake uuzwe dukani alilazimika kuelekeza macho Nairobi. Tena mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa nchi mbili hizo ukafungwa hadi mwaka 1983. Waliokuwa ng'ambo wakajikuta wageni katika mji uliowashangilia.

Aliyekwenda kuwatazama ukumbini hakukuta vishindo. Gitaa la rithimu lilitandika mkeka, la besi likatembea juu yake kwa hatua za kuhesabika, na la solo likazungumza taratibu kama mtu asiye na haraka ya kuondoka. Saksafoni iliingia baada ya maneno, ikayarudia bila ulimi. Waliocheza walikuwa makarani, mafundi na vibarua, wengi wao wakizungumza lugha za kwao nyumbani na kukutana na Kiingereza ofisini. Kiswahili laini cha Tanga kiliwajia usiku, kikiwa kimebeba habari za mapenzi, kazi na masikitiko.

Mwaka 1978 nyumba ikagawanyika. Omar Shabani, mpigaji wa rithimu, alitoka pamoja na wenzake, wakaunda Les Wanyika, wakaungana na mwimbaji John Ngereza. Kibao chao "Sina Makosa" kilienea Afrika Mashariki yote. Ni utetezi wa mtu anayelaumiwa kwa penzi lisilo na kosa, maana kila mmoja ana wake nyumbani. Mshairi wa pwani akikipima kwa vina na mizani atakirudisha kwa mtunzi. Hata hivyo kimeimbwa na watu ambao hawajapata kuona utenzi hata mmoja, na kwa wengi wao ndicho kilichokuwa darasa la lugha.

Jina lao nalo linastahili kutazamwa. Waungwana wa pwani walilitumia neno "Mnyika" kwa dharau, kumtaja mtu wa bara asiye na ustaarabu wa mji. Vijana waliotoka bandarini walilitwaa neno hilo, wakaliweka nyuma ya simba, nalo likawa jina la kujivunia. Hata mpasuko wa 1978 haukulitupa. Waliotoka walilichukua, wakalitangulizia neno la Kifaransa kwa mtindo wa bendi za Kongo. Issa Juma naye akaliendeleza kwa Super Wanyika.

Simba Wanyika walifika Ulaya kwa ziara mwaka 1989, wakiwa tayari wakongwe, na albamu yao "Pepea" ikatolewa huko mwaka 1992. Mwaka huohuo George alifariki, na Wilson akamfuata mwaka 1995. Bendi ikafa pamoja nao.

Vitabu vya historia ya ushairi wa Tanga huanza na kuisha kwa karatasi. Wakati umefika wa kuwatengea nafasi waliokitoa Kiswahili cha mji huo barazani na kukipeleka bara kwa nyuzi za gitaa, kabla waliowasikia kwa masikio yao hawajaondoka nao.