Safu ya Lugha: Mhadhara na Kongamano

Mabango ya vyuo vikuu siku hizi huandika "kongamano" hata pale msomi mmoja anapopanda jukwaani na wengine wakaketi kumsikiliza. Huo ni mhadhara! Neno hilo lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa hudhuria, hadhara na hadhira: watu wamefika, mjuzi anawachambulia jambo kwa kina. Waziri akifungua shughuli kwa maneno machache, hiyo ni hotuba.

Kongamano limezaliwa na kitenzi kongamana; humo wasemaji ni wengi na hoja hupokezanwa.

Kuna pia tamasha. Mwaka 2009 mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria alitoa mihadhara Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika tamasha la Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa cha chuo hicho. Tamasha ni pana, hubeba mihadhara, mijadala, hata burudani.