Anayesukuma Mkokoteni

Ukitaka kujua gemu inamthamini nani, usiangalie bunduki zake. Angalia mtu anashindaje. Silaha zinaweza kuwa zile zile na uwanja ule ule, lakini kanuni ya ushindi ikibadilika, wachezaji nao wanabadilika tabia. Kanuni hiyo ndiyo tunaiita modi, na historia yake inaanza na ubinafsi mtupu.

Desemba 1993, kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa Doom. Watu wanne waliweza kuunganisha kompyuta zao na kuwindana. John Romero, mmoja wa waundaji wake, ndiye aliyeupa mtindo huo jina: dethimechi, yaani mechi ya kifo. Hesabu yake haikuhitaji kufundishwa. Ua, upate pointi. Kila mtu ni adui, hata beshte yako mliyeketi naye chumba kimoja.

Mwaka 1996 kampuni hiyo hiyo ikatoa Quake, na ikaacha mlango wazi: yeyote mwenye kompyuta na subira aliweza kuandika upya kanuni za gemu. Mashabiki waliingia kwa fujo. Dave Kirsch, aliyejulikana mtandaoni kama Zoid, akaleta mchezo wa kuteka bendera. Timu mbili, nyekundu na buluu, kila moja na ngome yake. Ujanja ulikuwa kwenye sharti moja dogo: hupati pointi kwa kuleta bendera ya adui kama ya kwenu haiko nyumbani. Kwa hivyo lazima mtu abaki. Anaweza kukaa dakika nzima bila kufyatua risasi, na bado bila yeye hakuna ushindi. Dethimechi haikuwa na nafasi ya mtu kama huyo.

Mwaka huo huo, vijana watatu wa Australia, Robin Walker, John Cook na Ian Caughley, wakajenga Team Fortress juu ya Quake. Wao waligawa kazi. Mdunguzi anapiga kutoka mbali, askari anabomoa, tabibu anaponya. Ghafla ukaweza kuwa mchezaji mzuri hata kama shabaha yako ni mbovu.

Halafu 1999 ikaja Counter-Strike, ambayo wengi wetu Nairobi tuliijulia kwenye saiba, tukilipa kwa dakika na kupigiana kelele kutoka kiti hadi kiti. Waliianzisha wanafunzi wawili wa chuo, Minh Le na Jess Cliffe, juu ya gemu ya Half-Life. Modi ya kwanza ilikuwa kuokoa mateka. Ile ya bomu ikafuata kabla mwaka kuisha. Fikiria hiyo ya bomu. Kulitegua kunachukua sekunde 10, au 5 ukiwa umenunua vifaa vya kutegulia. Sekunde hizo zote umeinama, huwezi kupiga risasi. Maisha yako yako mikononi mwa aliyesimama nyuma yako. Na pesa ulizonunulia vifaa ni pesa ambazo hukununulia silaha. Mtu anajinyima ili timu isilipuke, na pengine raundi inaisha kabla hajavitumia.

Lakini modi ninayoipenda kuliko zote ilifika Aprili 2008, ndani ya Team Fortress 2. Timu moja inapewa mkokoteni wenye bomu, juu ya reli, iufikishe kwenye ngome ya adui. Mkokoteni hautembei peke yake. Lazima mtu asimame kando yake. Wakiwa wawili unaongeza mwendo, watatu unaongeza zaidi. Adui mmoja akisogea karibu, unasimama. Anayeusukuma anajulikana alipo na anakoelekea, maana reli ni moja, kwa hivyo yeye ndiye shabaha rahisi kuliko wote. Waundaji walilijua hilo: mkokoteni huwaponya wanaousukuma na kuwapa risasi. Na ubao wa matokeo wa gemu hiyo hauorodheshi vifo vya kila mtu, unaonyesha pointi. Kuua ni pointi moja, kusaidia kuua ni nusu, na kuponya pia kunahesabiwa.

Hili linanigusa kwa sababu niliacha chuo kabla ya kumaliza, na tangu hapo naishi kwa kuandika vibarua. Nalipwa kwa neno. Siku tatu za kutafuta ukweli wa sentensi moja hazina safu kwenye ubao wa mtu yeyote. Ndiyo maana nasoma historia hii nikiangalia ni nani walioiandika. Modi ya bendera, mgawanyo wa kazi, na bomu la Counter-Strike havikuanza kama agizo la bosi. Vilianzishwa na vijana waliokesha bila malipo wakijenga juu ya gemu za wengine, kisha wakavitoa bure. Baadaye kampuni ya Valve iliwaajiri Walker na Cook, na mwaka 2000 ikatangaza kuichukua Counter-Strike na wawili wake. Hao walihesabiwa. Lakini nyuma yao walikuwepo waliochora viwanja, waliojaribu kila toleo na kuripoti hitilafu, waliolipia seva mifukoni mwao ili wengine wapate pa kucheza. Wengi wa hao hawakupata hata nusu pointi.

Naona si bahati kwamba kanuni zinazomthamini mlinzi, tabibu na mtegua bomu zilitoka kwa watu wa aina hiyo. Walijua kazi isiyoonekana inafananaje, kwa kuwa walikuwa wakiifanya.

Ingia leo kwenye seva yoyote yenye modi ile na utaona kishawishi cha zamani bado kipo. Wenzako wanatawanyika kuwinda, kila mtu na vita vyake, kana kwamba ni 1993. Hakuna anayewazuia. Ila mkokoteni ukiachwa peke yake sekunde 30, huanza kurudi nyuma.