Mwindaji na Makao Yake: Kutoka Chepkitale hadi Mwitu wa Liyongo

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, tuanze na neno moja: pori. Katika majibu mengi ya maswali ya fasihi simulizi neno hili hutumiwa kana kwamba lina maana moja tu, yaani mahali pasipo na mwenyewe. Jagina akifukuzwa na jamaa zake, hukimbilia porini. Wawindaji nao huzurura porini. Ukiyasoma majibu ya namna hii utadhani kuwa mwindaji ni mtu aliyepotea njia ya kurudi kwao, wala hutakumbuka kwamba hapo alipo ndipo kwao.

Makala haya yanadai kuwa usomaji huo ni potovu, na kwamba upotovu wake hauishii kwenye alama za mtihani. Wapo watu waliohamishwa kwa sababu wenye mamlaka waliyasoma makao yao kama pori.

Ushahidi uko karibu na sisi tunaofundisha upande huu wa Bungoma na Trans Nzoia. Ukisimama sokoni Chwele, katika eneo la Kabuchai, siku isiyo na mawingu, utauona mlima Elgon upande wa kaskazini. Kilele chake kina urefu wa mita 4,321. Wabukusu huuita Masaba. Jina Elgon nalo limetokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaoti. Hilo pekee lapasa kutuzindua. Mlima huo tunaouchora kama mandhari tupu nyuma ya shamba la mahindi unaitwa kwa jina la watu.

Je, mtu huchaguaje pa kukaa katika mlima kama huo? Mkulima hutazama udongo. Mwindaji hutazama njia za wanyama, na njia hizo hazikutokea kwa bahati. Mnyama hufuata maji, malisho na chumvi. Ndiyo maana pembezoni, pale msitu unapokutana na nyasi, huwa pana mawindo mengi kuliko ndani kabisa ya msitu: mchana mnyama hujificha mitini, jioni hutoka kulisha. Aliyejenga mpakani hapo ana nyumba mbili kwa mkupuo mmoja. Tena Elgon ina ngazi zake. Juu ya mashamba kuna msitu wa miti mirefu, juu yake mianzi, na juu zaidi mbuga za baridi. Maua hayachanui wakati mmoja katika ngazi hizo, kwa hiyo asali nayo hupanda na kushuka mlimani kwa misimu. Mrina asali na msasi wa mlima huu (mara nyingi huwa ni mtu yule yule) lazima awe na kalenda kichwani, na kalenda hiyo haifai mahali pengine.

Chumvi ndiyo habari kubwa zaidi. Katika Elgon kuna mapango, na lililo maarufu ni Kitum. Usiku ndovu huingia ndani kabisa gizani na kuchimba kuta kwa pembe zao ili wapate madini ya chumvi yaliyomo katika jiwe la volkeno. Wanyama wengine huwafuata. Binadamu naye aliona upesi kwamba pango la namna hiyo lina mambo matatu kwa pamoja: kinga dhidi ya mvua na adui, chumvi ya mifugo, na wanyama wanaokuja wenyewe. Msafiri Joseph Thomson alipofika Elgon mwaka 1883 aliwakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao, naye akaeleza habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1885. Lakini hakuamini kwamba mapango hayo yangeweza kuwa kazi ya wenyeji. Akawaza Wamisri wa kale. Hapa mhakiki ana mfano mzuri wa jicho la mgeni. Watu wamo pangoni, moshi wa meko yao unaonekana, na bado mtazamaji anatafuta mwenyewe wa nyumba kutoka Misri!

Juu zaidi, katika mbuga za Chepkitale, waliishi Waogiek wa Elgon. Waliwinda, wakarina asali, na wakafuga pia. Baadhi yetu tukisikia kuwa walifuga, husema basi hao si wawindaji halisi. Mgawanyo huo ni wetu wa vitabuni. Jamii nyingi hazikuishi kwa kazi moja, na ukimlazimisha mwanafunzi aandike kwamba kabila fulani "ni wawindaji" na jingine "ni wakulima", unamfundisha kurahisisha. Lililo muhimu ni kwamba Chepkitale haikuwa ya kila mpitaji. Koo zilikuwa na sehemu zao, na mpaka ulijulikana.

Majina waliyopewa na wengine yanasimulia mengi. Neno Ndorobo, ambalo limo katika vitabu vyetu vya zamani, lilitoka katika lugha ya Wamaasai na lilihusu mtu maskini asiye na ng'ombe. Mfugaji alimpima jirani yake kwa kile alichokosa. Serikali ya kikoloni iliupokea mtazamo huo na kuupa nguvu ya sheria. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoteuliwa mwaka 1932, ilipendekeza wakaaji wa misituni waunganishwe na makabila makubwa waliyokaribiana nayo, ndani ya maeneo yaliyotengewa makabila hayo. Wakati huo nyanda za Trans Nzoia zilikuwa tayari mashamba ya walowezi, na reli ilikuwa imefika Kitale mwaka 1926.

Yaliyofuata baada ya uhuru nitayaeleza kwa ufupi, ingawa hayakuwa mafupi kwa walioyaishi. Mwaka 1968 mbuga ya taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa upande wa Kenya. Kuanzia mwaka 1971 watu wa Chepkitale walihamishiwa Chebyuk, chini zaidi mlimani, wagawiwe mashamba. Nani apate shamba na nani akose likawa swali la miaka mingi, na ugomvi huo ulikuwa miongoni mwa vyanzo vya mapigano ya mwaka 2006 hadi 2008 kati ya wanamgambo wa SLDF na vyombo vya dola, ambapo raia wengi waliteswa na kuuawa. Mwaka 2000 Chepkitale ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Waogiek walikwenda mahakamani, na mnamo Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma ikaamua kwamba ardhi hiyo ni yao kama jamii. Kabla yake, tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika huko Arusha ilikuwa imetoa hukumu iliyowapa haki Waogiek wa Mau.

Mintarafu ya uwindaji wenyewe, Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na sidai hapa kwamba urudishwe. Ninachosema ni kwamba msasi aliyekatazwa kuwinda hakuacha kuwa na kwao.

Sasa turudi kwenye fasihi. Wabukusu wa Kabuchai na viunga vyake wana simulizi ya Mango, jagina aliyemuua joka lililowamaliza watu. Masimulizi hutofautiana, lakini kiini chake ni kwamba Mango alilivizia joka hilo penye maficho yake, akalikata kichwa. Wimbo wa sioyaye, unaoimbwa kumsindikiza mtahiriwa alfajiri anapotoka mtoni, huhusishwa na kisa hicho. Kwa kawaida tunaifundisha simulizi hii kama mfano wa ushujaa na kama usuli wa tohara, na ni sawa. Lakini tazama jinsi Mango anavyofanya kazi yake. Anasoma mwendo wa mnyama: anatoka saa ngapi, anarudi kwa njia ipi, anaingiza kichwa wapi. Huo ni ujuzi wa msasi. Pango ni la adui mpaka siku mtu anapoijua ratiba yake.

Hata hivyo, tusiwafanye Wabukusu kuwa wawindaji kuliko walivyokuwa. Sikiliza majina ya watoto: Wekesa ni wa wakati wa mavuno, Nafula ni wa mvua, Simiyu ni wa kiangazi, Wanjala ni wa njaa. Kalenda hiyo ni ya shamba. Tena walipochagua pa kujenga, usalama uliweza kutangulia mambo mengine. Walizungushia vijiji vyao kuta na handaki, na ngome ya Chetambe karibu na Webuye ndiyo iliyoshambuliwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Kwa hiyo ndani ya mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu, kutoka Webuye hadi Chepkitale, unapata watu waliochagua makao kwa sababu tofauti kabisa, na wote walikuwa na sababu.

Fumo Liyongo ndiye mfano mkubwa zaidi, na ndiye anayesomwa vibaya zaidi. Habari zake zilichapishwa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870, na utendi wake unaofahamika sana uliandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Watahiniwa huandika kuwa Liyongo, alipogundua hila za mfalme wa Pate, alikimbilia mwituni akaishi peke yake. Hapana. Aliishi na watu wa mwituni. Waboni, Wasanye na Wadahalo wamo katika masimulizi hayo, nao si mapambo ya mandhari.

Chukua tukio la kikoa cha makoma. Mfalme anawaahidi watu wa mwituni fedha wamuue Liyongo. Wanapanga kula makoma kwa zamu: kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenzake, na zamu ya Liyongo itakapofika wamfume mishale akiwa juu. Liyongo anatambua, anabaki chini, na anayaangusha makoma kwa mishale yake. Tunasifu ulengaji wake, kisha tunafunga kitabu. Lakini tukio hilo limebeba habari ya uchumi mzima. Kuna mikoma inayojulikana ilipo. Kuna utaratibu wa zamu. Kuna chakula cha pamoja ambacho mgeni hukubaliwa kukishiriki, na hivyo kufungwa na sheria zake. Na kuna jambo jingine kubwa zaidi: mfalme mwenye mji, askari na hazina hawezi kumfikia mtu aliye mwituni bila kuzungumza kwanza na wakaaji wa mwituni. Kwa maneno mengine, utendi wenyewe unakiri kwamba mwitu una wenyewe. Sisi wasomaji ndio tuliolisahau hilo.

Wazao wa watu hao wapo. Waboni, wanaojiita Waaweer, wanaishi Lamu na kandokando yake. Misitu yao mikubwa ilitangazwa kuwa hifadhi za Boni na Dodori mwaka 1976, mwaka mmoja tu kabla ya marufuku ya uwindaji. Wadahalo wamebaki wachache, na lugha yao ina sauti za kidoko ambazo hazimo katika Kiswahili.

Atakayebisha kwamba mwindaji huhamahama, kwa hiyo hachagui makao, na awatazame Wahadza wa bonde la ziwa Eyasi, Tanzania. Mtafiti James Woodburn, aliyekaa nao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba mnyama mkubwa akiuawa mbali, kambi nzima huweza kuhamia penye nyama badala ya nyama kubebwa hadi kambini. Kuna busara gani iliyo wazi kuliko hiyo? Wanahama, naam, lakini ndani ya nchi wanayoijua kwa kila kisima na kila mbuyu. Mwaka 2011 baadhi yao walipewa hati za kimila za kumiliki ardhi katika bonde la Yaeda. Kumbe hati inaweza kumtambua mtu anayehama, mradi aliyeiandika ameelewa anahama wapi na kwa nini.

Darasani, ningependekeza uziweke simulizi za Mango na Liyongo mezani pamoja, na badala ya kuuliza sifa za jagina, uulize: shujaa alipofika mahali hapo, nani alikuwa anakaa hapo tayari? Mtahiniwa atakayejibu swali hilo kuhusu Liyongo atalazimika kurudi kwenye kikoa na kukisoma upya. Kuhusu Mango, swali litampeleka kwa Barwa, jina ambalo Wabukusu huwaita majirani wao wa jamii za Kikalenjini, na ambao wamo katika kisa hicho. Katika shule zetu nyingi mwanafunzi wa Chwele huketi dawati moja na mwenzake wa Kapsokwony au Kaptama. Huyo wa pili huenda amesikia kwao simulizi nyingine ya mlima huo huo na mapango yake. Mpe nafasi aisimulie kwanza.